Mashina Manne na Shoka la Uswidi

Sheria ya Kanada inaruhusu kila nyumba kuotesha mashina manne ya bangi. Si kila mtu, ni kila nyumba. Hata mkiwa kumi na mnalala mzungu wa nne, mashina ni yaleyale manne. Ilianza kutumika tarehe 17 Oktoba 2018, na kwa miaka kadhaa haikutuhusu hata kidogo. Baba Watoto hajawahi kuvuta hata sigara. Ukimkalisha upande unakoelekea moshi wa jiko la mkaa, anakohoa mpaka anatafutiwa maji.

Ila ni mlipa kodi, na ugonjwa wa walipa kodi ni kutaka kula chao. Mwanzoni mwa 2023 baridi ya hapa Ottawa ilikuwa legelege, mfereji wa Rideau ukagoma kuganda sawasawa, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kuufungulia watu wa kuteleza, mapema miaka ya 1970, haukufunguliwa hata siku moja. Baba Watoto hajui kuteleza na hana viatu vya kutelezea. Lakini alinuna wiki nzima. "Tunalipa," akasema, "halafu tunapata nini?" Akafungua kompyuta kutafuta haki nyingine ambazo hajazitumia. Ndipo akakutana na yale mashina manne.

Niseme mapema kwamba tayari alikuwa na mchezo mwingine, na huo ndio uliotangulia kunimaliza: ufundi wa porini. Kuna watu wazima huku, wengi wao wa kazi za ofisini, ambao mwisho wa wiki wanaingia msituni kuwasha moto bila kiberiti, kulala chini ya turubai wakati hema zipo, na kuchonga vijiko vya mbao ambavyo dukani ni dola moja. Wana vitabu vyao na wazee wao. Mzee wao mkubwa kwa upande wa Kanada alikuwa Mors Kochanski wa Alberta, aliyefariki Desemba 2019, na kitabu chake cha Northern Bushcraft kwetu kinakaa chooni, juu ya tanki la maji, kimevimba kwa mvuke. Fundisho lake kuu ni kwamba mwenye kujua mengi hubeba machache. Kwa kipimo hicho, Baba Watoto hajui kitu. Mkoba wake una visu vitatu, msumeno wa kukunja, chuma cha kukwaruza cheche, kamba za kila unene, sufuria ndani ya sufuria ndani ya sufuria, na shoka kutoka Uswidi ambalo bei yake aliniambia kwa awamu.

Huyu mtu amezaliwa Arumeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru, nyumba yenye mafiga matatu na moto usiozimika. Kuni alizikimbia. Mama yake anasimulia kwamba akitumwa kuni alikuwa anarudi jioni na kijiti kimoja na hadithi ndefu. Akasoma kwa bidii, akapata nafasi, akapanda ndege. Ukimuuliza mama yake, yote hayo ni kukimbia kuni. Leo amelipa ada ya kozi ya wikiendi nzima, afundishwe na kijana mwenye ndevu nyekundu namna ya kuokota kuni. Kijana akamwambia kuni kavu ni ile inayokatika kwa mlio. Baba Watoto alirudi akanieleza hilo polepole, ili lisinipite.

Somo gumu kuliko yote ni kupekecha moto. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanapekecha kwa viganja vitupu, wakipokezana kijiti, na hawafanyi makelele juu ya jambo hilo. Huku wanatumia upinde. Kamba ya upinde inazungushwa mara moja kwenye kijiti, kijiti kinasimama juu ya ubao laini uliochongwa kishimo, juu yake unakandamiza kwa jiwe lenye tundu, halafu unavuta mbele na nyuma mpaka mkono ukukane. Kinachotafutwa si mwali. Ni unga unaodondoka pembeni ya kishimo: ukiwa mweusi na umerundikana, unaanza kufuka wenyewe hata ukiacha kuvuta, na hapo unaupokea kwenye kiota cha nyasi kavu na kuupulizia. Ukiwa wa kahawia, bado hujafika. Haya nayajua kwa sababu unga wa kahawia ulijaa kwenye zulia la besimenti yetu majira yote ya baridi.

Kamba ya upinde ilikuwa mkanda wa joho langu la kuogea. Kwa kiota cha nyasi alitumia zile nyuzinyuzi zinazobaki kwenye mashine ya kukaushia nguo. Mafundi wa porini wanazipenda, wanasema zinashika cheche haraka. Zinashika kweli, kama nguo ni za pamba. Sisi tunafua sweta za nailoni za watoto, kwa hiyo nyuzinyuzi zetu ziliyeyuka na kunuka. Akahamia kwenye vipande vya pamba vilivyopakwa Vaseline, ambavyo navyo ni mbinu halali na vinawaka dakika kadhaa hata kukiwa na unyevu. Hapo nikasema basi. Ottawa mwezi Februari, hewa kavu inayokwangua ngozi, halafu mtu anachukua Vaseline ya nyumba nzima kwenda kuchoma? Watoto walikwenda shule magoti meupe pepepe. Nilimwambia achague: moto au magoti.

Alichagua moto. Usiku mmoja, tumeshalala, kengele ya moshi ya besimenti ikalia. Kengele za nyumba yetu zimeunganishwa, ikilia moja zinalia zote, na moja kati yake inaongea: inasema "moto, moto" kwa Kiingereza na kisha kwa Kifaransa. Tukatoka nje na blanketi, miguu kwenye theluji. Yeye akaja wa mwisho, uso umejaa masizi, anang'aa kwa furaha. Hakukuwa na moto wowote. Ni moshi tu, na unga ulikuwa bado wa kahawia.

Mwezi Mei unga ukawa mweusi. Alinipigia simu kazini kunieleza. Basi akajiandaa kwa safari kubwa ya Juni, kwenye ardhi ya serikali kaskazini mwa jimbo letu la Ontario, ambako mkazi wa Kanada anaruhusiwa kulala bure mpaka siku 21 sehemu moja. Hiyo nayo ni haki, na hakuwa ameitumia.

Mtakumbuka Juni ya 2023. Misitu ya Kanada iliungua kuliko mwaka wowote unaokumbukwa; kufikia mwisho wa msimu zilikuwa zimeteketea zaidi ya hekta milioni 15. Moshi ulishuka mpaka mjini, jua likawa jekundu saa sita mchana, tukaambiwa tufunge madirisha. Serikali ya jimbo ikapiga marufuku moto wa wazi katika ukanda wote wa misitu, na ng'ambo ya mto, Quebec, nao wakafanya vivyo hivyo. Mtu aliyekaa majira yote ya baridi akipekecha sasa anajua kuwasha moto, na hakuna mahali anaporuhusiwa kuuwasha. Walikwenda hivyohivyo, yeye na wenzake watatu, wakala mikate baridi na dagaa wa kopo kwa siku kadhaa. Bila moto hakuna moshi wa kufukuza wadudu, na huo ulikuwa msimu wa usubi. Usubi wa Kanada hautoboi ngozi kistaarabu kama mbu. Unakata, unalamba damu, unaondoka, na unapenda nyuma ya masikio na pindo la soksi. Alirudi masikio yamekuwa maandazi. Siku ya pili yake nilimwona ameketi sebuleni anachagua kofia ya chandarua kwenye mtandao, dola arobaini, nikajua ugonjwa haujapona.

Sasa turudi kwenye mashina.

Mbegu alinunua kwenye duka la mtandaoni la serikali ya jimbo. Umri wa kuruhusiwa Ontario ni miaka 19, kwa hiyo mleta mzigo alisimama mlangoni akadai kitambulisho cha mtu mwenye upara na mvi kidevuni. Baba Watoto alimwonyesha kwa fahari. Akaziotesha kwenye vikopo vya mtindi dirishani, na wikiendi ya sikukuu ya Malkia Victoria, mwishoni mwa Mei, ambapo watu wa huku wanaamini baridi ya usiku imeshakwenda zake, akazihamishia uani nyuma ya ua wa mbao. Mbegu nne, miche minne. Binti yetu, ambaye yuko kidato cha juu na anaijua sheria kuliko sisi, alikuwa anaihesabu kila asubuhi kwa sauti.

Mche wa nne ulisafiri. Kati ya wale wenzake wa porini kuna mmoja anayekaa Gatineau, ng'ambo ya mto Ottawa, dakika chache kwa gari. Alikuwa amempa Baba Watoto ngozi ya kulalia, na Baba Watoto akaona arudishe fadhila. Akauweka mche kwenye kiti cha mbele, akaufunga mkanda, akavuka daraja la Portage. Kumbe sheria ya taifa ni moja lakini Quebec wana yao: nyumbani hutakiwi kuotesha hata shina moja. Kuna mtu aliipinga hiyo sheria mpaka Mahakama ya Juu ya Kanada, na Aprili ya mwaka huohuo akashindwa. Jengo la mahakama lenyewe liko upande wetu wa mto, na kutoka huko unaiona Gatineau. Rafiki yake aliyajua yote haya. Aliufungua mlango, akauona mche, akaufunga mlango. Mche ukarudi Ontario ukiwa umelegea kidogo, na tangu siku hiyo tukauita Mgeni.

Bangi ni mmea unaosubiri giza. Siku zikiwa ndefu inanenepa majani tu. Usiku unapoanza kurefuka ndipo inatoa maua. Kwetu Arumeru mchana na usiku vinagawana saa kumi na mbili kumi na mbili mwaka mzima, lakini Ottawa iko nyuzi 45 kaskazini, na mwezi Juni jua linazama karibu saa tatu usiku. Kwa hiyo yale mashina yalipanda. Yalikula mbolea ya samaki, yakanywa maji, yakapita magoti, yakapita kiuno, mpaka Julai yakaanza kuchungulia juu ya ua. Baba Watoto akawa anayainamisha kwa kamba zake za porini, akitumia mafundo yenye majina ya mabaharia. Kindi walikuja kufukua mizizi wakitafuta kitu walichozika, au walichodhani wamezika. Konokono wasio na nyumba walikuja usiku kula majani ya chini, na dawa yao, kila mkulima wa hapa atakwambia, ni bia: unafukia kisosi usawa wa udongo, unajaza bia, konokono anafuata harufu ya hamira, anaanguka, anakufa akiwa ameridhika. Uani kwetu kukawa na visosi vya bia kila kona.

Katika hali hiyo ndipo mama mkwe alipopata viza ya kuja kututembelea.

Lazima mfahamu ni mtu wa aina gani. Ni mzee wa usharika, muumini wa Kilutheri wa kutopepesa macho. Anatoka wilaya ambayo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekwenda mara kadhaa na magari na mapanga kufyeka bangi na kuichoma. Kwa sheria ya kwetu Tanzania ya 2015, kulima jani hilo kunaweza kumpeleka mtu jela miaka 30. Na sasa mwanawe wa kwanza, aliyemsomesha kwa kahawa na ndizi, ana mashina manne nyuma ya jiko.

Nilitaka yang'olewe. Baba Watoto akasema ataweka miche ya nyanya mbele. Akaziweka. Nyanya zilifika kwenye mapaja ya bangi.

Mama alifika, tukampokea, shikamoo, marahaba, machozi, mizigo, unga wa ulezi, nyama ya kukausha iliyonyang'anywa uwanja wa ndege. Asubuhi yake akajifunga kanga ya pili, akatoka uani kuota jua. Mimi niko dirishani nimeshika kikombe ambacho sinywi. Akazunguka taratibu, mikono nyuma. Akatazama nyanya. Akatazama nyuma ya nyanya, kwa muda. Akatazama chini.

"Baba," akamwita mwanawe.

"Naam, mama."

"Na hizi bia?"

"Za konokono, mama."

Akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeulizwa sadaka imekwenda wapi. Kuhusu mimea hakusema neno. Kuhusu bia aliongea mpaka chakula cha mchana, na akaiombea nyumba.

Wiki iliyofuata akina mama wa ibada ya Kiswahili wakaja kumsalimia. Mnazijua ziara hizo: mtu ametoka nyumbani, kila mmoja anataka kumgusa, sufuria za pilau zinaingia kwa mlango wa mbele na wa nyuma. Kulikuwa na joto, tukaweka viti uani. Nilikuwa ndani nachuja chai niliposikia kelele ya furaha.

"Jamani! Kisamvu Ottawa!"

Ni dada mmoja wa Tanga, mpishi hodari, mtu ambaye kwa miaka yote amekuwa akila kisamvu cha kugandishwa kutoka duka la Wafilipino. Nilipotoka alikuwa ameshachuma gao zima, limo ndani ya kanga yake, anauliza nani alituletea vipande vya mihogo na alivipitishaje forodhani. Mwingine anasema ana tui la nazi kwenye gari. Mwingine anatafuta kinu. Baba Watoto amesimama karibu na jiko la kuchomea nyama, rangi imempotea, mdomo wazi, haitoki sauti. Na mimi nikaona picha nzima: kisamvu cha nazi, usharika mzima, na mchungaji anakuja saa kumi.

"Weka chini, mwanangu," mama mkwe akasema. Hakunyanyuka kwenye kiti. "Hicho si kisamvu. Jani la muhogo ukingo wake ni laini. Hilo lina meno."

Dada wa Tanga akalitazama jani. Kweli lina meno.

"Ni nini basi, mama?"

"Ni mmea wa serikali. Wamempa kibali cha mashina manne." Akanywa chai. "Mashina matano ni kosa."

Kanga ikakung'utwa polepole. Pilau ikaliwa. Nawaambieni, sijawahi kuona watu wakila pilau kwa utulivu kama ule, na hakuna aliyeuliza zaidi, ingawa wawili walinipigia simu jioni, kila mmoja kwa wakati wake.

Usiku tumekaa sebuleni, watoto wamelala, mama anamenya chungwa. Akasema, bila kuinua macho: "Lile lililo karibu na ukuta ni dume. Ling'oe, litakuharibia mengine."

Kimya. Televisheni yenyewe ilionekana kutega sikio.

Alikuwa sahihi. Mbegu zile zilikuwa za kawaida, za kiume na za kike zimechanganyika, na dume linatangulia kuonyesha vifuko vidogo vilivyoning'inia kwenye viungo vya matawi. Likiachwa likatoa chavua, majike yanaacha kunenepesha maua, yanaanza kutengeneza mbegu. Baba Watoto alikuwa amesoma kurasa nyingi juu ya jambo hilo na alikuwa bado anatumia kioo cha kukuzia. Mama aliliona akiwa amekaa kwenye kiti, umbali wa kutupa jiwe, anakunywa chai.

"Mama," mwanawe akauliza hatimaye, "wewe umejuaje?"

"Nimekuwa balozi wa nyumba kumi miaka mingapi? Askari walipokuwa wanakuja kufyeka, unadhani nani alikuwa anawaonyesha wasing'oe na mihogo ya watu?"

Hilo lilieleza meno ya jani. Lile la dume halikuelezwa, na mimi ni mkwe, sikuuliza. Asubuhi dume likang'olewa. Lilikuwa Mgeni.

Marufuku ya moto ilipoondolewa, Baba Watoto alimwalika mama yake msituni akamwonyeshe alichojifunza. Mama akamsikiliza vizuri: utalala chini, juu ni turubai, moto tunapekecha, maji tunachota mtoni na kuchemsha, choo unachimba. "Mwanangu," akasema, "hayo yote niliyafanya nikiwa sina hela." Akabaki na mimi, tukaenda kutazama jengo la Bunge kutoka nje na kununua viatu.

Septemba mashina matatu yakaanza kunuka. Wasiowahi kusimama karibu na bangi iliyokomaa hawajui ninachosema. Si moshi wake. Ni ua lenyewe, likiwa bichi, linanuka kama kuna kicheche chini ya kitanda. Na si maneno ya mtaani tu: mwaka 2021 wanakemia walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ukali wa harufu hiyo unatoka kwenye misombo ya salfa iliyo ndugu na ile iliyo kwenye mkojo wa kujihami, kama watu wanavyouita, wa kicheche wa Amerika. Si mkojo kwa kweli, ni tezi mbili chini ya mkia, lakini ukishapuliziwa hutaki kusahihishwa.

Jirani yetu wa kushoto, mzee mstaafu anayelima nyanya kubwa kuliko ngumi, alikuwa amemfundisha Baba Watoto kwamba mkulima mzuri anajua kwa pua siku ya kuvuna. Basi kila usiku akawa anatoka na taa ya kichwani, anainama, ananusa, anaandika kwenye daftari. Usiku mmoja alirudi ndani haraka kunieleza kwamba harufu imepanda sana, inatoka hasa chini ya shina la katikati, na kwamba anadhani ni kesho. Akarudi kunusa kwa karibu zaidi.

Huku Kanada kicheche ni mweusi mwenye mstari mweupe mgongoni, anatembea usiku, hana haraka na hamwogopi mtu. Huyu alikuwa amekuja kula konokono walewale wa bia. Kabla ya kupuliza, wanasema, anakanyaga miguu ya mbele chini mara kadhaa kama onyo. Baba Watoto alilisikia hilo onyo na akadhani ni kindi.

Supu ya nyanya, ambayo jirani alituletea ndoo nzima kwa wema, haifanyi kazi. Inabadilisha tu rangi ya mtu. Kinachofanya kazi ni mchanganyiko aliouvumbua mkemia wa Marekani aitwaye Paul Krebaum mwaka 1993: lita moja ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia tatu, robo kikombe cha baikaboneti, na kijiko cha sabuni ya vyombo, uupake ukiwa bado unatoa povu. Usiuhifadhi kwenye chupa iliyozibwa, itapasuka. Nilimpaka nikiwa nimeziba pua kwa kanga, mama mkwe akimulika taa kutoka mbali na kuimba pambio. Usiku ule hakuingia ndani. Alifunga turubai kati ya ua na mti, akalala juu ya ile ngozi ya Gatineau, na kwa mara ya kwanza ufundi wa porini ukaleta faida katika nyumba yetu.

Kesho yake haikuwa siku ya kuvuna. Mvua ikaja, ikakaa. Maua ya bangi yakishanenepa hayataki maji. Unyevu ukikaa katikati ya ua, ukungu wa kijivu unaanzia ndani, na kwa nje unaona tu jani moja limekauka bila sababu. Ukilivuta linatoka, na nyuma yake kumeoza. Akahamisha turubai likawa la mashina, akakaza mafundo yote aliyoyajua. Mafundo yalishika vizuri mno. Upepo ulipokuja haukufungua hata moja. Uling'oa nguzo ya ua na shina kubwa kuliko yote, ukavipeleka vyote kwa jirani, juu ya zile nyanya.

Yaliyosalia alivuna, akayaning'iniza besimenti ambako zamani palikuwa na unga wa kahawia. Siku zote za kukausha nyumba ilinuka, sweta za shule zilinuka, mkate ulinuka. Binti yetu aliulizwa na mwalimu wake kama kila kitu kiko sawa nyumbani. Mwisho mzigo ukapimwa kwenye mzani wangu wa keki. Sitataja ulikuwa gramu ngapi, kwa heshima ya ndoa. Inatosha kujua kwamba sheria inaruhusu mtu mzima kumpa mwenzake mpaka gramu 30, na Baba Watoto alimpa jirani mavuno yote kama fidia ya nyanya bila kukaribia hiyo namba. Jirani alivuta kidogo barazani. Akasema ina ladha ya samaki.

Shoka la Uswidi halijawahi kukata kitu kikubwa kuliko mkono wangu. Liko ukutani.

Mama mkwe aliondoka Oktoba, na hapo ndipo nilipopata hofu ya kweli, kwa sababu nguo zake zilikuwa zimeanikwa besimenti ileile. Nilifua kila kitenge, kila kanga na joho la kwaya mara mbili, nikaanika nje kwenye upepo, nikapakia sanduku mwenyewe nikikagua mpaka ndani ya viatu vipya. Nanyi mlio huku na mnatarajia wageni kutoka nyumbani, fanyeni hivyohivyo. Kuvuka mpaka wa Kanada na jani hata moja ni kosa la hukuhuku Kanada, kabla hata hujakutana na askari wa Tanzania na ile miaka yao 30. Kilichoruhusiwa Ottawa kinaishia Ottawa. Hata Gatineau hakifiki.